Kamsa Hajafika Kazini

Jumatatu, 9 Juni 2025

Nimerudi Nyololo kutoka Mbeya saa tano asubuhi. Idi imepita salama. Mimi sikupita salama. Mbele ya sinia la pilau, mbele ya mashemeji wote, mgeni mmoja alimuuliza mama mkwe wangu, Bi Mwanakhamisi, kwamba huyu mkwe wako Isihaka anafanya kazi gani siku hizi. Akajibu kwamba anahesabu misumari. Kisha akaniongezea nyama. Ile nyama ndiyo iliyoniuma zaidi.

Mimi sihesabu misumari. Mimi ni mtunza stoo wa kiwanda cha mbao. Misumari inahesabiwa, sikatai, lakini si hiyo tu. Kuna bawaba pia.

Mke wangu, Saida, amebaki kwa mama yake. Anasema ni mafua na baridi ya huku. Kweli ukungu wa Mufindi mwezi huu unaingia mpaka ndani ya soksi. Lakini nilimtazama usoni. Si mafua.

Mchana Mama Veneranda, mwenye kiwanda, alituita wote uani. Alhamisi ya tarehe 19 anakuja afande wa Zimamoto kukagua. Tusipopita hatupati cheti, na bila cheti wanunuzi wa Dar hawachukui hata ubao mmoja. Kwa hiyo anatafuta Msimamizi wa Usalama wa Moto. Atavaa reflekta ya rangi ya chungwa na kofia ngumu nyeupe. Filimbi shingoni. Picha yake itabandikwa getini.

Picha! Nikaiona papo hapo sebuleni kwa Bi Mwanakhamisi, juu ya friji.

Tumejitokeza wawili. Mimi, na Tekla wa jikoni anayetupikia uji na makande. Tekla alijitetea kwamba ameshughulika na moto miaka kumi na moja. Nikamkumbusha mbele ya wote kwamba kuwasha si kuzima. Akasema kila anachokiwasha asubuhi hukizima mwenyewe jioni, la sivyo tungeshaungua zamani. Watu wakacheka. Watu wa hapa wanacheka ovyo.

Jumanne, 10 Juni

Nimeamka na mpango.

Mama Veneranda alikuwa ameleta boksi la vibao vya usalama kutoka Mafinga. Vyote vya Kiingereza. Marcelino, mpasuaji wetu mkuu kwenye mashine ya msumeno, alikitazama kile chenye mtu anayekimbia, akasema hiki ni cha choo. Hapo nikapata mwanya. Nilimweleza Mama kwamba moto haumsubiri mtu atafsiri. Kinachotakiwa ni istilahi. Aliponiuliza istilahi ni nini, nikajua nimeshinda.

Nikamweleza kwamba babu yangu mzaa baba alizaliwa Bagamoyo. Kiswahili kwetu kiko kwenye damu. Sikuona haja ya kueleza kwamba mimi mwenyewe sijavuka Morogoro, na hiyo Morogoro nilifika mara moja nikarudi siku hiyohiyo kwa sababu ya tumbo.

Mama akasema sawa, andika, ila watu waelewe. Nimepewa reflekta kwa majaribio. Inanibana kwapani. Nimepiga picha nane, nikamtumia Saida iliyo nzuri kuliko zote. Amejibu kwa kidole gumba. Kimoja.

Jioni, kazi ya maneno. Kile chombo chekundu cha kuzimia moto watu wa hapa wanakiita mtungi. Mtungi wa nini? Wa maji? Wa pombe? Ulimi wa moto kwa Kiswahili safi ni mwali. Kufisha ni kuua. Basi: kifishamwali. Nimelitamka mbele ya kioo mara tatu. Neno lenye cheo.

King'ora nimekikataa, kina makelele. Wazee wa pwani walikuwa wakipiga kamsa kuitana kwenye hatari. Kuanzia sasa, moto ukitokea, mtu asihangaike na maneno mengi. Aseme kamsa. Neno moja, la kale, tamu mdomoni.

Jumatano, 11 Juni

Mitungi yote mitatu ilikuwa na picha zilizobandikwa: mkono unavuta kitu, mkono unaelekeza kitu. Picha za chekechea. Nimezifunika kwa karatasi yangu yenye maelezo kamili, mistari kumi na miwili, kwa gundi ya mbao. Haibanduki. Juu yake, kwa rangi nyekundu: KIFISHAMWALI.

Saa nne wanawake wanaopanga mbao wakaacha kazi. Wote tisa. Wakasimama mbele ya ofisi ya Mama. Msemaji wao Tekla, ingawa yeye hapangi mbao. Alisema hawawezi kukaa karibu na mtungi ulioandikwa kwamba unaua mabinti. Yeye mwenyewe anao wawili.

Nikaeleza kwa subira. Mwali wa moto, si mwali aliyevunja ungo. Maneno mawili, sura moja. Wakasikiliza. Kisha Faustina, mama mtu mzima wa Igowole, akaniuliza kwa upole kabisa, huo mtungi wenyewe utajuaje ni mwali yupi.

Nikauangalia mtungi. Sidhani kama hata Bagamoyo wana jibu la hilo.

Nikabadilisha kuwa KIFISHAMIALI. Wakasema sasa ndiyo balaa, unaua wengi. Nikawafafanulia kwamba wingi wa mwali wa moto ni miali, na wingi wa mwali binti ni wali. Marcelino, aliyekuwa anapita na gogo, akauliza kama wali wa leo ni wa nazi. Mama Veneranda akatoka, akaamuru herufi nyekundu zifutwe. Karatasi zimebaki. Gundi yangu imemshinda hata yeye.

Alhamisi, 12 Juni

Leo nimechagua neno lisilo na ugomvi. Ukuta wa nyuma wa karakana una mlango wa chuma ambao haukuwa na kazi. Nimeusafisha, nimetia bawaba mpya kutoka stoo, nimeandika juu yake: MLANGO WA DHARURA. Nani atabisha?

Hakuna aliyebisha. Saa tano Tadeo, mlinzi wetu, akaupitia. Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema ana dharura, mahari ya mpwa wake inapokelewa. Saa sita wakapita wawili, msiba Igowole. Saa saba Marcelino mwenyewe, ng'ombe wake anazaa. Getini mtu huomba ruhusa, akaandikwa kwenye daftari, akaulizwa marehemu ni nani. Huku nyuma hakuna daftari. Marcelino alinionyesha kibao kwa kidole, akasema ruhusa si hiyo imeandikwa.

Kufika saa tisa tulibaki kumi na mmoja kati ya thelathini na wanne. Msumeno unazunguka peke yake, hakuna wa kuulisha.

Mama hakupandisha sauti. Aliagiza kufuli. Kufuli la ukubwa wa kiatu cha mtoto, ufunguo mfukoni mwake. Nikamwambia kwamba kitaalamu mlango wa dharura haufungwi. Akaniuliza kitaalamu mbao atapasua nani.

Nilikuwa karibu kuendelea kubisha. Lakini Tekla akaja, akasema na yeye anaona usifungwe, toeni kibao tu, mlango uacheni. Kwa kuwa wazo limetoka kwa Tekla, nilijikuta nakubaliana na kufuli.

Ijumaa, 13 Juni

Baada ya swala nimesimamisha kibao cha mahali pa kukusanyikia moto ukitokea. Nimechagua uwanja ulio mbele ya geti, kando ya barabara kuu. Bati la kijani, nguzo mbili, herufi zinazoonekana kutoka mbali: KITUO CHA KUSANYIKO. Tekla alipita na ndoo, akasema jikoni wao wanapaita pale nje. Nikaendelea kukaza nguzo. Si kila mtu amejaliwa.

Saa kumi basi dogo la Makambako likasimama mbele ya kibao. Kondakta akaniuliza wangapi.

Jumamosi, 14 Juni

Mpaka adhuhuri yamesimama magari matano. Amekuja mama wa mahindi ya kuchoma. Amekuja muuza mayai ya kuchemsha. Mtu amefunga kuku wake kwenye nguzo ya kulia, akaenda kwenye shughuli zake. Mzee mmoja alinilalamikia kwamba kituo hiki hakina hata kivuli, na alipoiona reflekta yangu akataka nimpe ratiba ya magari.

Nikampa. Nilikisia, lakini kwa sauti ya kujiamini.

Nimetangaza kwamba Jumatatu saa nne kutakuwa na zoezi la moto, na kila mtu ashiriki. Nimemwandikia Saida kwamba nimepata dhamana ya watu thelathini na wanne. Ameuliza kama nimekula.

Jumatatu, 16 Juni

Zoezi.

Marcelino alikuja na bukta na raba, pamoja na wenzake sita, wameshajigawa timu. Faustina alikuja na mzigo wa kuni kichwani. Alisema ameambiwa zoezi ni la moto, akaona haya kuja mikono mitupu.

Nikapanda juu ya gogo. Nikapuliza filimbi. Nikasema, kwa sauti iliyotoka tumboni: kamsa. Nikarudia. Mtu mmoja nyuma akanijibu kwamba hajafika. Mwingine akaongeza kwamba huenda amepitia mlango wa nyuma. Nikagundua wanadhani Kamsa ni mfanyakazi. Nikafundisha nusu saa. Nilipouliza kama wameelewa, Faustina akasema ndiyo, na akija watamwambia namtafuta.

Mwishowe wote walitembea vizuri mpaka kituoni, kwa mstari. Hapo basi la Makambako likafika tukiwa tunahesabiana. Watatu wakapanda. Waliporudi mchana walijitetea kwamba waliona foleni.

Nimeandika ripoti kwa Mama: zoezi limefanikiwa kwa asilimia tisini na moja.

Jumatano, 18 Juni

Kesho ukaguzi. Nimeandika vibao kumi vya ziada, lakini kwa ukungu huu rangi ya mafuta haikauki. Siku mbili bado inanata. Basi nimeingiza jiko la mkaa stoo na kuvipanga vibao kulizunguka, kama watu wanaoota moto. Wazo zuri. Nashangaa wengine hawalifanyi.

Tekla alichungulia, akaona jiko, kopo la thina ya rangi na matambara, akaniuliza kama nina akili timamu. Nilimwinulia kibao cha kwanza asome mwenyewe: HATARI, USIWASHE MOTO HAPA. Kilikuwa karibu kukauka.

Vingine nitavimalizia kesho asubuhi kwa jiko hilohilo.

Alhamisi, 19 Juni

Naandika kwa mkono wa kushoto. Nitaeleza yote kwa utaratibu.

Afande Lea alifika saa tatu. Mwanamke mfupi, mpole, daftari dogo. Kulikuwa na baridi kali, Tekla akamkaribisha uji jikoni, nami nikaona hiyo ndiyo nafasi ya kumpitisha kwenye istilahi zangu kabla hajazunguka. Nilikuwa na kurasa sita. Alisikiliza kwa adabu. Nilipofika ukurasa wa nne, Marcelino akasimama mlangoni.

"Moshi inatoka stoo," alisema.

"Unatoka," nikamwambia. "Moshi unatoka."

"Ndiyo. Inatoka sana."

Afande alikuwa ameshaweka kikombe chini. Nikatoka mbio, nikapuliza filimbi mbele ya karakana, nikasema kamsa. Nikasema tena. Nikaisema kwa nguvu zangu zote. Wanawake tisa waliendelea kupanga mbao. Faustina, bila kuinua kichwa, akaniambia Kamsa hajafika kazini tangu Jumatatu.

Tekla akatoka jikoni na sufuria tupu na mwiko. Akaigonga mara tatu. "Moto," alisema. "Tokeni." Karakana ikawa tupu kabla sijavuta pumzi ya kuwaambia kitu kilekile.

Nikashika mtungi. Nikasoma mstari wa tatu wa karatasi yangu: *Tenga kizuio na mshikio wake kwa mwelekeo ulio kinyume na ukaaji wake.* Nikausoma tena. Niliandika mwenyewe, na sikuweza kukumbuka nilikuwa na maana gani. Afande Lea aliuchukua mtungi mikononi mwangu, akapapasa chini ya karatasi kwa kidole, akavuta pini, akaenda nao kwenye mlango wa stoo. Mwendo wa kawaida tu, kama mtu anayekwenda kumwagilia bustani. Akasema mtu apige simu Zimamoto na wengine wote wakae kituoni, asirudi mtu ndani.

Kituoni tulikuwa watu wengi mno. Tekla alihesabu arobaini na tisa. Ikabidi aombe abiria wasogee upande wa kuku. Akahesabu upya. Thelathini na watatu. Akarudia kwa majina. Hayupo Tadeo.

Mtu akasema Tadeo hupenda kujilaza nyuma ya rundo la maranda, ndani ya karakana, kwa sababu kule kuna joto. Wote tukageukia karakana. Moshi ulikuwa umeshaanza kutoka stoo na kupita juu ya ukuta kuingia karakana.

Hapa naandika ukweli maana hakuna atakayesoma. Sikuwaza picha. Sikumuwaza Bi Mwanakhamisi. Niliwaza kwamba mwaka wa kwanza nilipokuja Nyololo, sina hata sweta, Tadeo aliligawa blanketi lake kwa kisu, akanipa nusu. Miguu ikaondoka yenyewe.

Ndani sikuona kitu. Nilipapasa rundo la maranda lote, nikaita, nikakohoa, nikaita. Tadeo hayupo. Nilipogeuka, mlango nilioingilia haupo pia. Nikashika ukuta na kuufuata kwa mkono, na mkono ukaunguzwa na bati la upande wa stoo, nikaendelea na mwingine. Mwisho nikaona herufi nyekundu juu ya kichwa changu. MLANGO WA DHARURA. Sijapata kuyapenda maandishi yangu kama pale. Nikasukuma.

Kufuli.

Nikakaa chini ya kibao changu. Nilikuwa na istilahi themanini na mbili, na nilitafuta hata moja ya kupigia kelele. Haikuja. Nikaita mama. Mama yangu alifariki mwaka 2009.

"Kaka Isihaka," sauti ikasema upande wa pili. Tekla. "Sogea mbali na mlango."

Alipiga shoka mara nyingi. Bawaba zilikuwa imara, nilizitia mwenyewe. Kisha kukawa na mwanga, na mkono ukanishika reflekta na kunivuta nje kama gunia. Ninachokumbuka ni kwamba nilikuwa namwelekeza Tekla muda wote kwa sauti. Yeye anasema nilikuwa nalia.

Gari la Zimamoto lilipofika, moto ulikuwa umeshazimwa, wao wakamalizia kulowesha maranda. Imeungua nusu ya stoo, vibao vyangu kumi, na rafu nzima ya misumari. Aliyeumia ni mimi peke yangu: kiganja cha kulia na nyusi zote mbili.

Saa sita basi la Makambako likasimama kituoni, akashuka Tadeo. Alikuwa na dharura, ya mahari ileile, na kwa kuwa mlango una kufuli alipandia pale kwenye kibao. Akauliza nini kinaungua. Nilimkumbatia mbele ya abiria. Hakuelewa, lakini alinikumbatia pia.

Mwisho Afande Lea akauliza chanzo cha moto ni nini. Watu wote thelathini na watatu wakanitazama. Nikamwambia istilahi iliyo bora zaidi ni kiini. Akaandika kitu kwenye daftari. Kirefu.

Ijumaa, 20 Juni

Kiwanda kimepewa siku kumi na nne kurekebisha, kisha watakuja tena. Mama Veneranda aliisoma barua mbele yetu. Sehemu ya kufuli aliisoma polepole, akasema kosa hilo ni lake na si la mtu mwingine. Kisha akanyoosha mkono kwangu. Nikavua reflekta. Upande mmoja umeyeyuka.

Amepewa Tekla. Wamempiga picha getini, ameshika mwiko.

Kazi ya Tekla siku ya kwanza: amebandua karatasi zangu kwa maji ya moto na kisu, kwa muda wa saa mbili. Amefanya mlango wa nyuma usukumwe kutoka ndani tu, kwa nje hauna kitasa, na Tadeo amehamishiwa pale na daftari lake. Kituo cha mabasi kimeshindikana kuondolewa, abiria wamegoma, kwa hiyo wafanyakazi wamehamishiwa upande wa pili wa geti. Kibao ni kimoja tu: MOTO UKITOKEA TOKA NJE, SIMAMA HAPA. Nimemwambia "toka nje" ni kurudia, maana hakuna anayetoka ndani kwa kwenda ndani. Amesema asante.

Saa nne aligonga sufuria kwa zoezi bila kutuambia mapema. Mtu wa mwisho alifika pale kwenye kibao ukiwa hujahesabu mpaka mia. Sikupenda kuona hivyo.

Mama ameniita pembeni. Amesema nipumzike mpaka stoo ijengwe. Nikauliza itajengwa lini. Akasema nipumzike kwanza.

Tekla ameniletea uji nyumbani. Kwa kuwa mkono wangu umefungwa, alinilisha kwa kijiko. Nilikataa vijiko viwili vya kwanza.

"Kaka Isihaka," alisema, "maneno yako mimi sikuyaelewa. Ila ulivyorudi ndani kumtafuta Tadeo, hilo nimelielewa."

Nikamwambia hilo si neno, ni kitendo. Akanipa kijiko kingine haraka.

Jumapili, 22 Juni

Saida amekuja. Sikumwita. Ameshuka na begi na mafuta ya karafuu, na alipoziona nyusi zangu, yaani alipoona pale zilipokuwa, akaweka begi chini akalia. Kisha akacheka mpaka akakaa. Kisha akalia tena. Nikakaa naye.

Anasema habari zilifika Mbeya kabla ya basi. Bi Mwanakhamisi ameshawatangazia majirani wote kwamba mkwe wake aliingia motoni kumtafuta mtu. Amenitumia asali na kanzu mpya. Kanzu ya dukani, bado ina lebo.

Nimemweleza Saida kwamba yote haya ni matunda ya istilahi. Akaweka mkono mdomoni mwangu, akasema mume wangu, leo nyamaza kidogo. Nikanyamaza. Tumekula ndizi. Anasema mafua yake yamepona.

Jumanne, 24 Juni

Habari kubwa.

Kaka yake Saida, Abdul, amepiga simu kutoka Makongolosi. Yeye na wenzake wana mashimo ya dhahabu, na wameambiwa kila shimo liwe na mtu wa usalama. Amesikia habari zangu. Anataka mtu asiyeogopa. Kofia nitapewa, yenye taa.

Saida ameniuliza kama nimejifunza kitu hapa Nyololo. Swali zuri, nimelitafakari asubuhi nzima. Ndiyo, nimejifunza.

Abdul anasema kule chini wana neno moja tu, vuta, na mtu akilisema anavutwa kwa kamba anapanda. Nimemhurumia. Watu arobaini, shimo refu hivyo, neno moja. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Kosa letu la Nyololo nimeshalijua: maneno yalikuwa mafupi mno, ndiyo maana watu wakayasahau. Haya ya sasa nimeyaunda kwa utulivu, na hakuna hata moja lenye silabi chini ya kumi na mbili.